Beseni la Betri

Mwahija aliingia dukani kwa Erasmo bila hodi wala salamu, akaitua tochi juu ya kaunta kwa kishindo mpaka misumari iliyokuwa kwenye kopo ikarukaruka.

"Chukua takataka yako!"

Alikuwa ametoka kijijini kwao, Likawage, tangu alfajiri. Bodaboda ilimrusha kwenye makorongo mpaka barabara kubwa, akadandia gari mpaka Kilwa Masoko, na vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alikuwa nayo mengi, mengine hayafai kutoka kinywani mwa mwanamke mwenye wajukuu, na alikusudia kuyatumia yote.

"Shikamoo mama," alisema Erasmo. Alikuwa kijana wa Kimakonde, muuza tochi, misumari na rangi, mpole mpaka anakera.

"Marahaba. Salamu nimeipokea, tochi siitaki."

Na jamani, tusimlaumu kabla hatujamjua. Mwahija ni mjane. Ana ekari mbili za mahindi bondeni, na huko kwao shamba lisilolindwa usiku si shamba, ni karamu. Nguruwe pori wanaingia kwa ukoo, baba, mama na watoto, wanaangusha bua zima kwa ajili ya gunzi moja. Na mnyama mwenyewe hata kumla huwezi! Angekuwa swala, angalau mtu angejipoza kwa kitoweo. Basi kila jioni Mwahija alipanda dungu lake, kichanja cha kulindia, na debe la kugonga na tochi. Debe wale mabwana walishalizoea, siku hizi wanakula mahindi kwa mdundo wake. Walichokuwa bado wanakiogopa ni mwanga mkali wa kuwapiga machoni.

Tochi aliinunua hapahapa kwa Erasmo, mwezi wa pili. Ya bei ya chini kabisa, ndogo, ya betri moja ya kuchaji, lakini mwanga wake ulifika ng'ambo ya bonde. Majuma ya kwanza ilikesha naye mpaka adhana ya alfajiri. Akaisifia kijiji kizima. Kumbe kipya kinyemi! Mvua za masika zilipoanza, tochi nayo ikageuka. Saa tatu inafifia, saa nne imebaki wekundu kama kijinga cha moto, saa tano giza totoro. Na nguruwe utadhani wamevaa saa. Nusu ya shamba ilikuwa imekwenda. Nusu iliyobaki ilihitaji wiki tatu ikauke, na hiyo ndiyo iliyokuwa chakula chake cha mwaka mzima. Hakuna kingine.

Kilichomkera zaidi ni Haruna, jirani yake, rafiki wa marehemu mumewe. Haruna naye alikuwa na tochi ya bei chee, ya kuokota mnadani, na ilikuwa inawaka usiku kucha. Kila ilipofika saa nne alipaza sauti kutoka dungu lake: "Shemeji! Tochi yako imeshalala? Haikusubiri hata chakula?" Kisha anacheka, na mwanga wake unazungukazunguka juu ya mahindi mazima, hakuna hata bua lililoinama.

Erasmo aliichukua tochi, akabonyeza. Mwanga ukapiga makopo ya rangi yaliyokuwa ukutani, yakang'aa.

"Mbona inawaka, mama?"

"Inawaka! Hata mimi nikiamshwa naamka. Nakuuliza habari ya kukesha!"

Watu wawili watatu waliokuwa wanasubiri kuhudumiwa wakacheka. Erasmo hakucheka. Alisema basi waiache iwake hapo kaunta, waione inafika wapi. Mwahija akasema sawa, hana haraka, nguruwe walikwisha kula. Akavuta debe tupu la rangi, akaketi katikati ya mlango, kila anayeingia lazima amruke au amsikilize. Na kila aliyeingia alimsimulia. Aliyekuja kununua kitasa aliondoka anajua majina ya wajukuu wake.

Haikufika hata saa sita. Mwanga ulipungua, ukawa wa manjano, ukawa mwekundu, ukafa.

"Haya!" Mwahija aliinuka kwa shangwe. "Mashahidi si mnaona? Mchana kweupe! Mwizi wa usiku ana nafuu, anakuibia umelala. Wewe unawauzia wajane giza, unawafungia na kwenye mfuko!"

Erasmo alifungua mkia wa tochi, akaitoa betri. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Mama, tochi ni yangu. Hii betri si yangu."

Loo! Hapo ndipo maneno ya njiani yalipotoka yote, hata yale yasiyofaa. Alimwita mzushi, alimwita mnafiki, alimuuliza kama kweli ana mama mzazi au aliangushwa na fuso. Kama si yako imeingiaje humo, imetembea? Tochi hiyo nimeitia alama mwenyewe, M kubwa, nimeichoma kwa msumari wa moto, nani aniibie?

"Alama iko kwenye tochi," alisema Erasmo taratibu. "Kwenye betri haipo." Akafungua droo, akatoa betri nyingine, ya buluu iliyopauka, isiyo na urembo. "Ninazouza mimi ni hizi. Tazama, imeandikwa elfu mbili mia sita. Na kila ninayouza naiandikia tarehe kitakoni kwa kalamu ya wino mzito, ili mteja akirudi tuelewane. Hii uliyokuja nayo ni nyekundu, imeandikwa elfu tisa mia tisa."

"Si ndiyo kubwa zaidi!"

"Ndivyo wanavyotaka uamini. Namba hiyo ni chaji inayobeba. Sasa betri ya kimo hiki haibebi elfu tisa, mama, hata ukiishindilia. Wanaandika tu. Namba ya kuvutia macho." Akamshika mikono, akamwekea moja huku, moja huku. "Wewe si mkulima? Pima."

Mwahija amelima ufuta miaka thelathini. Mkono wake unajua uzito wa haki na uzito wa makapi kabla mizani haijatulia, na wanunuzi wengi wamekimbia macho yake. Ile ya buluu ilitulia kiganjani. Nyekundu ilikuwa nyepesi, aibu tupu, makapi.

Na palepale akakumbuka beseni.

Likawage umeme wa nguzo haujafika kila nyumba, kwa hiyo watu huchaji kwa Witness, mwenye paneli ya sola juu ya bati. Simu Witness huziandika majina, kila moja na kipande chake cha plasta. Betri hapana. Betri zikijaa huzimwaga zote kwenye beseni la plastiki, kila mtu anakuja anachukua ya kwake. Hakuna aliyewahi kulalamika. Asubuhi moja ya mvua Mwahija aliinama juu ya lile beseni, akaiona betri yake ya buluu imekaa pale kinyonge, na kando yake nyekundu, inang'aa, elfu tisa na ushee. Alizisoma namba zote mbili. Mkono ukaipita ya kwake. Betri ni betri, alijiambia, akaisokomeza kwenye tochi na kuondoka upesi kabla mtu hajasema kitu. Tangu siku ile alikuwa hajaifikiria tena.

"Astaghfirullah," alisema, akakaa tena juu ya debe.

Erasmo alimletea maji. Kama angemcheka ingekuwa nafuu, wangegombana. Mwahija alikunywa, akatazama sakafu. Nusu ya shamba! Kwa mkono wake mwenyewe!

"Nipe moja," alisema mwishowe. Akailipa kwa hela ya sabuni na mafuta ya kupikia, na Erasmo akaiandika tarehe. "Na hiyo kalamu niuzie. Halafu, mwanangu, yale maneno niliyosema..."

"Maneno yapi, mama?" alisema Erasmo, akamfungia mzigo.

Ungedhani safari ya kurudi ingempoza. Wapi! Kwenye bodaboda hasira ilipata njia nyingine. Betri yake ya haki ilikuwa kwa nani? Tochi ya nani ilikesha kila usiku wa Mungu? Alivyozidi kurushwa ndivyo alivyozidi kuwa na hakika. Haruna! Alikuwa anamcheka kwa mwanga wake yeye! Mpaka wanafika kijijini Mwahija alikwisha sahau beseni, amebaki na wizi wa Haruna tu, na maneno mapya kabisa.

Alimkuta uani kwake, jua bado lipo, anatia jembe mpini.

"Shemeji, fungua tochi yako."

Haruna hakuuliza kwa nini. Alifungua, akaitikisa, betri ikamdondokea kiganjani. Ya buluu. Kitakoni mwake wino ulikuwa umefifia lakini unasomeka: kumi na nne, mwezi wa pili.

"Hii ni yangu!"

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa nyuma yako siku ile kwa Witness," alisema Haruna. "Nilikuona unachagua. Ulizisoma zote mbili. Ukaiacha hii, ukachukua yangu, ukaondoka umejitanda khanga mpaka usoni."

"Na ukanyamaza?"

"Nikuite mwizi mbele za watu? Mke wa rafiki yangu? Nikachukua kilichobaki, nikasema Mungu anaona. Usiku ule ikakesha."

"Na mimi nikakaa gizani! Mwezi mzima, Haruna! Nguruwe wananimaliza, chakula changu cha mwaka, na wewe umekaa juu ya dungu unanicheka, unajua kila kitu! Ungesema neno moja tu!"

"Na wewe ungesema neno moja," alisema Haruna, na sasa sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Kila usiku nilikuita. Nilingoja useme."

Mwahija alikuwa na maneno yote ya barabarani, ya kwenda na ya kurudi, akayapekua moja moja, hakuna lililofaa. Alitazama ng'ambo ya ua, kule bondeni. Mahindi ya Haruna yalikuwa yamesimama mpaka mtoni. Ya kwake yalisimama nusu tu, na huku kwingine mabua yamelala kifudifudi kwenye tope.

Haruna alimnyooshea betri. "Chukua yako."

Aliichukua. Ilikuwa nzito, ya haki. Mkoba wake ulikuwa na nyingine kama hiyo, mpya. Mbili! Angezitumia kwa zamu, moja ikichoka nyingine inaingia, na wiki tatu zingepita bila nguruwe kukanyaga. Alifikiri hivyo, hatudanganyi. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kusimulia.

Kisha akatoa kalamu aliyoinunua kwa Erasmo, akailamba ncha kwa mazoea, akatema wino, akaandika H kubwa juu ya ile tarehe. Akampa Haruna.

"Kaa nayo. Hiyo nyekundu yako nimeitupa njiani."

Haruna aliigeuza betri, akaitazama ile herufi iliyokwenda upande.

"Alama ya nini sasa, shemeji? Si sote wawili tunaijua?"

"Alama hiyo siyo yako wewe," alisema Mwahija, akikaza khanga kiunoni, maana jua lilikuwa linashuka na dungu lilikuwa linamngoja. "Ni yangu mimi, siku nyingine nikiinama kwenye beseni."