Ufa Juu ya Mlango

Nilikuwa juu ya stuli sebuleni kwa mama, nageuza flashi itazame dari, taa ya juu ilipowaka tena.

"Mama, nimeizima makusudi."

"Nyumba haipigwi picha gizani," alisema, mkono bado kwenye swichi. Alikuwa amevaa gauni lake la kuendea harusi na kujipaka mafuta mpaka uso unang'aa.

"Taa ni ya njano, mwanga wa dirishani una ubuluu. Vikichanganyika, ukuta unaonekana kama unaumwa manjano."

Akacheka, akaizima, akaenda kuwasha ya chumbani.

Kaka aliniambia picha ni za kuwatumia wadogo zetu walio mbali, wachangie ukarabati. Kwa hiyo jikoni na vyumbani nilivuta mapazia, nikazima balbu, nikaurusha mwanga darini ili ushuke taratibu bila kumetameta kwenye vioo vya kabati. Ufa ulio juu ya mlango wa jikoni niliumulika kutoka ubavuni. Mwanga wa ubavuni hauachi kitu. Kila mkwaruzo hutoa kivuli chake. Nilitaka wauone wote.

Kaka akaingia na mwanaume mwenye funguo za gari kidoleni. "Rafiki yangu," alisema. Rafiki akaomba kuona kamera.

"Dada, mkono unao. Ila ufa huu umeutangaza. Urudie kwa mwanga wa mbele, utapotea. Mnunuzi akiuona atashusha bei."

"Mnunuzi gani?"

Akamtazama kaka. Kaka akaitazama simu yake.

Nilitafuta kwanza neno la kumtetea kaka. Sikulipata.

"Mama anajua?" niliuliza, sauti chini.

"Nitamwambia tukishapata mteja. Si unajua presha yake."

"Atakaa wapi?"

"Kwangu. Kuna chumba cha nyuma."

"Kile cha matairi?"

"Matairi yatatoka, mdogo wangu. Usinikaange hapa mbele ya mtu."

Sijui kufoka, sijawahi. Nilishika skrubu ya stendi ya kamera nikaikaza, na ilikuwa imeshakaza, nikaikaza tena mpaka ngozi ya kidole ikachubuka. Nilikuwa nimeingizwa kila chumba cha mama kama mwizi aliyetumwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia pazia.

"Bosi, nisubiri nje?" aliuliza yule rafiki, ambaye sasa nilijua ni dalali wa nyumba.

"Kaa," nilimwambia. "Leo humu ndani ni wewe tu uliyesema kweli."

Mama akatokea mlangoni. "Mnanong'ona nini kama wezi wa kuku? Haya, mimi nikae wapi?"

Dalali akakohoa. "Mama, picha za namna hii huwa hazina watu."

"Nyumba yangu isiwe na mtu? Kwani nimekufa?"

Kaka alikuwa bado na simu yake, na kioo chake kilikuwa kimezima kitambo.

Nikavuta kiti mpaka dirishani, mama akakaa, akanyoosha gauni magotini. Nikampiga kwa mwanga uliokuwepo, bila flashi.

"Imetoka?"

"Imetoka, mama."

Alipokwenda jikoni kuinjika chai, nikatoa kadi kwenye kamera nikaitia mfukoni. Kaka akanyoosha mkono.

"Niachie hiyo."

"Hapana."

"Sebule bado hujaipiga."

"Jua limeshahama dirishani. Nitarudi kesho asubuhi." Nilikuwa nazungusha waya wa flashi, taratibu, ili usijikunje. "Nikifika, kabla sijagusa kitu, nitamuuliza mama kama umemwambia. Kama hujamwambia, nitamwambia mimi, na wewe utakuwa umekaa kwenye kile kiti, kaka. Akisema iuzwe, nitapiga sebule. Na ufa utabaki vilevile."

"Unanitisha?"

"Nakupangia kazi."

Dalali aliinama akitazama viatu vyake. Stendi na stuli niliviacha palepale katikati ya sebule, ili kaka avizunguke akimfuata mama jikoni.

Nilipofika getini, mama alikuwa ameshawasha taa zote.