Chai ya Mwenye Duka la Dawa

Phelista alimwacha mjukuu wake Emmy wodini Bungoma, mikono ya mtoto ikiwa bado inatetemeka, akapanda gari la Kitale na chupa ya chai kikapuni.

Emmy alikuwa amemeza vidonge ili akeshe akisomea mtihani. Vilikuwa vidonge vya kuandikiwa na daktari, vya watoto wasioweza kutulia darasani. Moyo ulimwenda mbio mpaka akaanguka bwenini. Aliyemuuzia ni mwanafunzi mwenzake, binti wa Peris mwenye duka la dawa mjini Kitale, na mbele ya mwalimu mkuu Peris alikuwa amecheka. "Ati sumu? Hata mimi naweza kunywa hizo na nisidhurike."

Dukani Peris alimtolea kiti mara moja, akamwita Kukhu kama nyanya yake mwenyewe, akamuuliza goti linaendeleaje. Phelista aliuona wema huo, na nusura umlegeze. Kisha akakumbuka kijiko kikimponyoka Emmy, uji ukimmwagikia kifuani.

"Nimekuletea chai, mwanangu. Maziwa ni ya nyumbani."

"Kukhu, si ungepumzika kwanza. Asante." Peris akanywa kikombe chote, wateja wakingoja.

"Ni tamu?"

"Tamu sana."

"Vizuri. Vile vidonge binti yako alivyomuuzia Emmy shuleni, vilivyobaki vyote nimevisaga humo."

Kikombe kilimtoka mkononi. Peris akajitia vidole kooni, akatapika kwenye ndoo ya takataka. "Niko na presha, Kukhu. Utaniua. Niitieni gari."

"Si ulisema havidhuru?"

"Nilidanganya. Vinaweza kuua mtu. Nilijua."

Wekoye, mwendesha bodaboda aliyekuja kumnunulia mtoto dawa ya kikohozi, aliirudisha chupa ya dawa hiyo juu ya kaunta. "Kumbe ulijua, bana. Na bado ukamtuma msichana wako nazo shule."

Wateja wengine wakarudi nyuma. Phelista alimwacha Peris atetemeke, akiitazama mikono ya mwanamke huyo mpaka ikafanana na ya Emmy.

Ndipo akasema, "Ni chai na sukari tu. Vidonge viko kwa daktari."

Peris aliketi sakafuni akilia. "Nisamehe, Kukhu."

"Kesho utakuja wodini, uyaseme haya mbele ya Emmy na mwalimu mkuu. Usipokuja, hawa wote wamekusikia."

Akampa leso yake ajifute mdomo, maana hakulelewa kumwacha mtu vile. Msamaha hakumpa.