Maji ya Kunawa Mgeni

Saa nne asubuhi, katika chumba cha kupanga kule Kaloleni kilichokuwa ofisi yao, Reginald alifuta faili ambalo Sifaeli, mwandishi wake wa programu, alilihangaikia miezi miwili. Lilikuwa faili fupi la lugha ya programu iitwayo C. Lilitaja ukubwa wa kila aina ya namba, ili programu ihesabu sawasawa kwenye kompyuta yoyote na kwa kompaila yoyote, yaani kigeuzi cha maandishi ya programu kuwa amri za kompyuta. Kompaila ya ofisini ililigomea, kwa kuwa tayari ilikuwa na majina yake yaliyogongana na yale ya faili. Reginald, mwenye kampuni ya mita na mtu wa haraka, akaandika kila mahali namba ya kawaida tu, programu ikakubali. Akaagiza chai.

Sasa, namba ya kawaida haina ukubwa mmoja. Kwenye kompyuta ya ofisini inafika bilioni mbili na ushei. Kwenye kikompyuta kilichomo ndani ya mita za maji walizofunga mteremkoni, juu ya Tengeru, inaishia 32,767. Ukiongeza moja, inageuka kuwa hasi 32,768.

Nyumba ya kwanza kufika huko ilikuwa ya Hedwiga, mjane aliyeishi peke yake. Mita ilisoma hasi na maji yakaanza kurudi bombani. Yalitoka kwanza kwenye ndoo, kisha kwenye sufuria ya maharage iliyokuwa jikoni, kisha migomba ikakauka. Siku ya tano yalitoka kwa Hedwiga mwenyewe. Jeneza lake lilibebwa na watu wawili bila kupokezana. Baada ya mazishi majirani walikuwa wakiulizana habari za mita na za mahindi kwa pumzi moja: yako imefika ngapi, umeshapalilia?

Mita ya Marta, mama yake Sifaeli, ilisoma 32,766.

Sifaeli aliogopa. Alimsihi Reginald warudishe lile faili. Akajibiwa kwamba mita zimeshapigwa lakiri, hazifunguliwi kabla ya ukaguzi, na zikishapita ukaguzi hakuna sababu ya kuzifungua. Basi akapanda nyumbani kwao mteremkoni, akafunga bomba la mama kwa kamba ya katani, akawa anamchotea maji ya mfereji.

Jumamosi mchana Reginald alikuja kukagua. Alimpa Marta shikamoo, akakaribishwa ugali na nyama. Marta akaenda kufungua kamba. Sifaeli alimshika mkono, akamwonyesha ndoo iliyojaa.

"Mgeni hanawi maji ya mfereji kwangu," mama alisema. "Hata wewe unajua."

Alikinga jagi moja la lita. Mita ikasoma 32,767. Reginald akanawa yote, akasifu maji kwa ubaridi wake.

Alikula taratibu. Sifaeli aliyahesabu matonge, kwa sababu mtu aliyekula kwa mkono hunawa tena, na mama yake hajawahi kumwacha mgeni aondoke na vidole vya mchuzi. Mwishowe alisema.

"Bosi, tafadhali, usinawe tena. Jifute tu. Ni mama yangu."

"Mimi nimeipima programu ofisini," Reginald alisema. "Inafika bilioni mbili. Sasa nimkatalie mama maji yake?"

Marta alikuwa ameshakinga jagi la pili. Alimmiminia mgeni polepole, akampa taulo. Chini ya vidole vya Reginald maji yaliinuka kutoka kwenye beseni, yakapita sakafuni hadi uani, yakaingia bombani; mita ilisoma hasi 32,768. Reginald alisogeza kiatu yapite. Akaandika kwamba mita inafanya kazi vizuri, akaweka sahihi, akashukuru kwa chakula.

Alipoondoka, Marta aliketi kwenye kigoda. Alitaka kulia, lakini machozi hayakuja. Aliyagusa macho yake, makavu, akamtazama mwanawe. Akamwambia ana kiu.

Sifaeli alimpa lita ya maji ya mfereji, mama akaimaliza yote. Uani, mita ikasogea namba moja kuelekea sifuri. Zilibaki lita 32,767. Mama alisema bado ana kiu. Sifaeli akachukua ndoo, akateremka mferejini.