Kandambili za Mageni

Mjukuu wangu Telesphori alikuwa msimamizi wa duara moja, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, karibu na Buseresere. Kila mwisho wa mwezi alirudi kwangu Shinyanga kupumzika, akawasha kompyuta yake na kucheza mchezo wa vita. Nilikuwa nikiketi nyuma yake. Katika kioo kile mchezaji huliona jeshi lake kutoka juu kama tai: vifaru, helikopta, na askari wadogo kama sisimizi. Juu ya kila askari upo mstari wa kijani, nao hupungua kadiri anavyopigwa risasi.

Siku ya Pasaka aliwatuma askari watano wavuke daraja. Mizinga ya adui ikawageukia, na vifaru vya Telesphori vikapita upande wa pili hadi makao makuu ya adui. Nilimuuliza habari za wale watano. Akanijibu kwamba walikuwa chambo.

Nilipiga makofi. "Kamanda anayehesabu askari mmoja mmoja hashindi vita," nilimwambia.

Maneno hayo niliambiwa na mkubwa wangu mwaka 1979, tukiwa vitani, nilipokuwa nimekaa kando ya kaburi la rafiki yangu. Niliyachukia zaidi ya miaka arobaini. Siku ile ya Pasaka niliyatamka kwa fahari.

Baada ya wiki tatu Telesphori alikuja katikati ya mwezi, nguo zimejaa tope, mkononi mfuko wa plastiki. Mvua ilikuwa imeingiza maji katika duara. Vijana sita walikuwa wakitoa viroba vya mawe ya dhahabu kwa mlango wa pili, na ilihitajika mtu wa kukaa chini kabisa aifanye pampu iendelee kuvuta maji. Alimteua Mageni wa Maganzo. Sita walitoka na viroba vyote. Kisha matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta, yakavunjika, na udongo ukamfunika Mageni. Walimtoa baada ya siku mbili.

Ndani ya mfuko mlikuwa na kandambili. Wachimbaji wa duara lile hushuka pekupeku ili vidole vishike vikanyagio, na viatu hubaki mdomoni mwa shimo. Anayetoka huvaa vyake. Jozi moja ilikuwa imebaki.

Aliniomba nifuatane naye msibani, niseme kama mzee kwamba marehemu alishuka kwa hiari yake. Nilimwambia sitasema uongo juu ya maiti.

"Babu, wewe ndiye uliyesema asihesabiwe mmoja mmoja."

Nilivaa koti langu, nikamwambia twende, na kwamba kila mmoja wetu atasema la kwake.

Huko Maganzo, wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi nje ya nyumba. Wema, mjane wa Mageni, aliitwa kutoka ndani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

Telesphori alimkabidhi kandambili kwa mikono miwili. Akasema kwamba yeye ndiye aliyemtuma.

Wema alizipokea. "Alikwambia kwamba matimba yamechoka? Mimi aliniambia kwa simu."

"Aliniambia."

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia ashuke."

Wema akanigeukia mimi. "Na wewe, mzee, umekuja kumwombea msamaha?"

"Sikuja kumwombea," nilisema. "Maneno aliyoyafuata ni yangu." Nikamweleza mchezo, daraja, askari watano na makofi yangu.

Hakulia wala hakutulaani. Aliinama, akaziweka kandambili kizingitini pamoja na viatu vya watoto, akaingia ndani.

Hakuna aliyesogea benchini kutupa nafasi, nasi hatukuiomba. Tulisimama juani, mimi na mjukuu wangu, hadi jeneza lilipotolewa. Telesphori alipotaka kubeba, ndugu wa marehemu walimwondoa mkono taratibu.

Tukafuata nyuma ya watu wote.