Kanga Kumi na Mbili Uwanjani

Kiwanda chetu kiko hapa Kilwa, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Mitole, na kazi yake ni kusafisha ufuta. Magunia yanaingia kutoka Kiranjeranje na vijiji vya jirani, sisi tunapepeta, tunatoa mawe na vijiti, kisha ufuta unafungwa upya kwenda ng'ambo. Wanawake tuko wengi kuliko wanaume. Kila mmoja anakuja na kanga yake na kuifunga kiunoni juu ya gauni, maana vumbi la ufuta ni jepesi na linanata.

Jioni, kabla ya kutoka getini, kuna turubai la bluu. Unasimama pembeni yake, unafungua kanga, unaikung'uta mara tatu, unaitandaza chini, unarudi nyuma hatua mbili na kunyoosha mikono mbele. Mlinzi, kaka Kondo, anainama kuangalia kama kuna punje zimedondoka. Zikiwa nyingi, jina linaandikwa. Zikiwa chache anazifagia na kusema, "Haya, mwingine." Kondo si mtu mbaya. Ni jirani yetu, na akitoka kazini hupita nyumbani kumwamkia mama mkwe wangu.

Mwaka wa kwanza niliona ni utaratibu tu wa kulinda mali. Kisha akaja Warda. Warda ni mtoto wa Kilwa Kivinje, kazaliwa pale, kasoma pale. Babu yake mzaa baba alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut, naye karithi rangi ile nyeupe na nywele zile. Tulikaa meza moja, tukipepeta ufuta uleule. Siku yake ya kwanza alipofika kwenye turubai na kuanza kufungua kanga, msimamizi wa zamu, mgeni kutoka nje, alimzuia kwa mkono na kumwambia kwa Kiingereza apite. Warda akamjibu kwa Kiswahili kwamba yeye ni kibarua. Yule bwana akacheka, akampitisha. Kesho yake vilevile. Wageni weupe wote wa kiwandani walipita hivyo, hata waliokuja kutembea tu. Fundi mkuu wa mashine, mwenye cheo na gari la kazi, ni mweusi kama sisi. Yeye alikuwa anakung'uta mifuko ya suruali.

"Kumbe hawatafuti punje," Debora alisema jioni ile tukitembea kurudi. "Wanatazama ngozi."

Debora ndiye nahodha wetu wa mpira wa pete. Familia yake ilishuka kutoka uwanda wa Makonde zamani, na yeye ana urefu wa mlango, mpira akiupata karibu na goli huna la kufanya. Kwa ushauri wake tulimwandikia meneja barua mbili. Niliziandika mimi, kwa kuwa nilikuwa nasoma masomo ya jioni na mwandiko wangu unasomeka. Zote mbili zilijibiwa kwa mdomo, kwamba utaratibu ndio huo na asiyeutaka aache kazi.

Ikakaribia Siku ya Mashujaa. Kila mwaka siku hiyo kuna gwaride dogo, hotuba, halafu michezo, na timu yetu ilipangwa kucheza na watumishi wa serikali. Jezi alitoa meneja, kwa hiyo angekaa jukwaani karibu na mgeni rasmi. Debora akatukusanya wote kumi na wawili, wachezaji na akiba. Alisema wimbo wa taifa tutauimba, tena kwa sauti, maana ni wetu. Hakuna kukaa, hakuna kuupa mgongo. Tutafanya tu kile tunachofanyishwa kila jioni, mahali ambapo meneja hawezi kuinuka akaondoka.

Natalia, mdogo kuliko wote, aliuliza kama haitakuwa utovu wa adabu. Debora akamjibu kuwa kama si utovu wa adabu getini, itakuwaje uwe utovu wa adabu uwanjani. Warda alisema na yeye atakung'uta. Walimwambia hana haja, yeye hahusiki. Akasema ndiyo sababu.

Siku yenyewe tulijipanga mstari mmoja mbele ya jukwaa, jezi juu, kanga kiunoni, kama wachezaji wanavyokaa kabla ya kuitwa. Wimbo ulipoanza tulifungua kanga. Tukakung'uta mara tatu, tukatandaza kwenye nyasi, tukarudi hatua mbili, tukanyoosha mikono. Tuliimba mpaka mwisho. Hilo la kuimba, baadaye wengi hawakulikumbuka.

Sasa, sisi tulipanga kila kitu lakini tulisahau jambo ambalo mtoto wa pwani hapaswi kulisahau. Kwetu anayetandikiwa kanga ni bibi harusi anapoingia, au mgeni mkubwa anapofika. Ni heshima ya juu kabisa anayoweza kutoa mwanamke, kuvua nguo yake mtu aikanyage. Mama mkwe wangu, Mwahija, alikuwa mstari wa mbele wa watazamaji, mwanangu mgongoni. Akaona kanga kumi na mbili chini, mgeni rasmi amesimama, wimbo umekwisha. Akapiga vigelegele. Kisha akavua kanga yake ya kichwani, akaja mbio na mwanangu mgongoni, akaitandaza mwanzo wa mstari. Wanawake wengine wakamfuata. Kufumba na kufumbua njia imetandikwa kutoka jukwaani mpaka katikati ya uwanja.

Mgeni rasmi akashuka. Alipita taratibu, anatabasamu, anapunga mkono, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la gwaride. Ya kwangu ilikuwa ya tatu. Sisi tulibaki na mikono tumeinyoosha, hatujui tuishushe au tuiache, naye alipotufikia alitushika mkono mmoja mmoja, akidhani tumempa. Kwenye hotuba aliwashukuru akina mama wa Kilwa kwa heshima ambayo hajawahi kuiona popote. Meneja alipiga makofi. Lakini alikuwa hamtazami mgeni rasmi. Alikuwa anatazama mikono yetu.

Mechi tulifungwa kumi na tisa kwa kumi na nne.

Ingeishia hapo. Ila kesho yake picha ziliingia kwenye kundi la WhatsApp la wilaya, watu wakisifu, mpaka mmoja wa vibarua wanaume akaandika chini yake: "Hiyo siyo heshima. Hilo ni geti letu, muulizeni Kondo." Kabla ya adhuhuri mji mzima ulikuwa unabishana. Sokoni muuza samaki mmoja alisema tumevua nguo mbele ya bendera. Mwenzake akamuuliza kama amewahi kumwona mtu kavua nguo akabaki na sketi na suruali ya kubana hadi kwenye vifundo. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mwanajeshi alisema wimbo wa taifa si mahali pa kuleta mambo ya kiwanda, una dakika zake, mtu asimame atulie. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni alimwuliza, mbele za watu, kwamba hao mashujaa tunaowakumbuka walitulia mbele ya nani. Mzee akakasirika, akasema asifananishwe mtu na mtu. Kuna waliosema tuko sahihi lakini siku siyo. Kuna waliosema siku ndiyo lakini mahali siyo. Wengine walisema tumemdanganya mgeni rasmi, na hao walinikera zaidi, kwa sababu hatukumwambia kitu.

Nyumbani kwangu ubishi huo haukuingia. Mama mkwe hana simu ya picha, na niliwaomba Kondo na majirani wasiseme. Ile kanga yake aliikunja na kuiweka sandukuni bila kuifua, alama ya soli ikiwa juu. Kila jirani aliyekuja alifunguliwa sanduku. Mimi nilikuwa naenda jikoni.

Jumatano akaja Bashiru, afisa michezo wa wilaya, akatukuta wote kwa Debora. Alikuwa na karatasi imeshachapwa. Iliandikwa kwamba sisi, wachezaji kumi na wawili, tulitandika kanga kwa ajili ya kumheshimu mgeni rasmi kwa mila za pwani, na kwamba maneno yanayosambaa ni uzushi. Chini palikuwa na nafasi za sahihi. Alieleza kwa upole. Tukisaini, hakuna kikao, timu inakwenda Lindi kwenye mashindano ya mkoa, na meneja ameahidi hakuna atakayeachishwa. Tusiposaini, kikao kitakaa Jumatatu kujadili kama tuliudharau wimbo wa taifa, na kiwanda kitatusimamisha wote kumi na wawili.

"Akina dada, mji wote ulishaona ni heshima," alisema. "Nyinyi mnataka kuwakatalia?"

Alituachia mpaka Ijumaa. Debora aliniambia niandike ya kwetu, halafu wenzetu waseme wanataka ipi. Nikamwambia nitaandika. Sikuandika. Nilijiambia ni kazi, mume wangu yuko Rasbura, Lindi, kwenye ujenzi na kipato chake hakina uhakika, mtoto hajafika hata miezi tisa. Yote hayo ni kweli. Lakini kila nilipokaa na kalamu nilichokiona ni lile sanduku. Nikiandika kweli, mama mkwe wangu atakuwa ndiye aliyepiga vigelegele juu ya mambo ya getini, na mji utamcheka kabla ya kutucheka sisi.

Alhamisi kulikuwa na lori la kupakia, hatukuruhusiwa kwenda nyumbani mchana. Mtoto alilia, kwa hiyo mama mkwe akamfunga mbeleko akamleta. Kondo akamruhusu kuingia, tukakaa kivulini ndani ya geti, nikamnyonyesha. Mama alitazama mashine, akasema zina kelele kama msiba. Mtoto aliposhiba alimfunga tena mgongoni, akaaga.

Msimamizi wa zamu alikuwa amesimama karibu na turubai. Akaonyesha kwa kidole.

"Mama, samahani," Kondo alisema. Hakumtazama usoni. "Aliyeingia ndani lazima akung'ute."

"Nikung'ute nini, baba?"

"Hiyo mbeleko."

Nilimpokea mtoto. Mama mkwe akafungua mbeleko, akaikung'uta. Kondo akamwambia mara tatu. Akamwambia aitandaze, arudi nyuma hatua mbili, anyooshe mikono. Yote aliyafanya. Wakati amesimama hivyo, mikono mbele, mgeni mmoja mweupe aliyekuja kutembelea kiwanda alipita pembeni yake na begi kubwa begani, akatoka. Mama alimfuata kwa macho mpaka nje. Kisha akaitazama mbeleko iliyotandazwa, akatazama mikono yake, akanitazama mimi.

Kondo aliinama kama kawaida, lakini nadhani hakuangalia punje yoyote. "Basi, mama," alisema.

Niliporudi jioni nilimkuta uani na beseni. Alikuwa anafua ile kanga ya sandukuni. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Ndicho hiki nilichokipigia vigelegele?"

"Hukujua, mama."

"Wewe ulijua. Ulikuwa unaniona nafungua sanduku."

"Niliona umefurahi."

Aliikamua kanga, akaikung'uta mara moja tu, akaianika. Alama ilikuwa haijatoka yote. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi, akaniambia kuwa kijana yule, Kondo, alimpokea yeye mwenyewe siku anazaliwa, na leo amemwonea haya mpaka hawezi kumtazama. Nikamweleza yote, hadi karatasi ya Bashiru.

"Karatasi ya Bashiru usiisaini. Lete kalamu, andika ya kwenu. Na mimi niandike."

"Mama, wewe si mchezaji."

"Wameniweka kwenye mstari. Niandike."

Niliandika kabla ya magharibi, mtoto akiwa mapajani anavuta karatasi. Nilieleza turubai, mara tatu, hatua mbili, mikono. Nilieleza anayepita na asiyepita, na kwamba Warda anapita na sisi hatupiti ingawa kazi ni moja. Niliandika kwamba wimbo tuliuimba mpaka neno la mwisho, na kwamba mgeni rasmi hakukosea, alipokea alichokiona. Mwisho niliandika kwamba aliyepiga vigelegele alidhani ni heshima, na sasa ameshafika getini. Mama aliomba nimsomee mara mbili. Hapo pa mwisho alisema paache.

Ijumaa baada ya swala tulikuwa na sahihi kumi na mbili, ya Natalia ikiwa ya mwisho na imepinda, na chini yake alama ya dole gumba. Bashiru alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza alivuta kiti, akasoma tena amekaa.

"Hawa kumi na wawili nawajua," alisema. "Huyu wa kumi na tatu anacheza nafasi gani?"

"Hachezi," Debora alimjibu. "Ndiye aliyepiga vigelegele."

Bashiru aliliangalia lile dole gumba kwa muda. Karatasi yake iliyochapwa ilikuwa bado mezani, haina sahihi hata moja. Akaikunja, akaitia mfukoni. Ya kwetu akaiweka kwenye faili. Alisema Lindi tusahau kwa mwaka huu, na kuhusu kazi hawezi kutuahidi, lakini barua ataipeleka kikaoni kama ilivyo bila kubadili neno, na huyo mama naye aje, wamsikie.

Nilimpa mama mkwe taarifa hiyo akiwa anapembua mchele. Hakuuliza habari za kikao. Aliuliza kama watabaki wamesimama au wataruhusiwa kukaa, kwa sababu magoti yanamsumbua. Nikamwambia viti vipo. Akasema vizuri, kisha akainuka kwenda kugeuza kanga yake, aliyoifua tena, kwenye kamba, upande wa pili nao ukauke.