Kupura na Kupigwa

Kwa miaka mitano Angetile ndiye aliyekuwa mdomo wa mchungaji Mdachi pale misioni ya Busale. Neno la Kinyakyusa likimshinda mchungaji, huitwa Angetile. Barua ya Kiswahili ikitakiwa bomani, huandika Angetile. Kisha akaja Lameck kutoka Karonga, ng'ambo ya mto Songwe kwa Waingereza, na Kiingereza chake.

Siku mpunga wa misioni ulipolazwa uwanjani, mchungaji alimuuliza Lameck Waingereza huiitaje kazi inayofuata, ya kutenga punje na mabua.

"Thresh," alijibu Lameck.

"Dreschen!" Mchungaji aliruka kitini. "Kwa Kijerumani ni neno lile lile!" Akaeleza kwamba zamani sana wahenga wa Wadachi na wa Waingereza walisema lugha moja, na neno hilo lilikuwa la kukanyaga nafaka kwa miguu, fimbo zilikuja baadaye.

"Waingereza hulitumia hata kwa mtu," Lameck akaongeza. "Wakigeuza sauti kidogo, ni kumcharaza."

Wakacheka mpaka machozi. Angetile alikuwa amesimama mlangoni na kidau cha wino, akiwasikiliza. Miaka mitano, wala hakuwahi kumchekesha mzungu yule namna hiyo.

Lameck ndiye aliyepewa kuandika barua za kuwaita watu wa vijiji vya Ndandalo na Kasumulu waje kwa kazi hiyo. Kiswahili chake kilichechemea, akamfuata Angetile. "Ndugu yangu, thresh kwa Kiswahili ni nini?"

Angetile alilijua neno kupura kama jina la mkewe.

"Kupigwa," akasema.

"Ndaga," Lameck akashukuru, akaandika: Jumatatu watu wote waje misioni kupigwa.

Jumatatu hakuja mtu. Makarani wa majumbe walikuwa wamezisoma barua, na kiboko cha boma watu walikijua kwa migongo yao. Walibeba watoto na mikeka, wakavuka Songwe. Mvua ikaunyeshea mpunga.

Mchungaji alisoma nakala ya barua, uso ukamwiva. "Nani alikupa neno hili?"

Lameck alimtazama Angetile, kisha akainama. "Nimekosea mwenyewe, Bwana."

Badala ya kupoa, wivu wa Angetile ukapanda. Mtu huyu amemzidi hata kwa wema! Akatoka bila kuaga, akashika njia ya Songwe kuwafuata waliokimbia.

Ng'ambo alimkuta shangazi yake Marita amechutama barazani kwa watu, miguu imemvimba.

"Mwanangu, tumekosa nini?"

"Hamkukosa, shangazi. Mimi ndiye niliyedanganya."

Alisema mbele ya wote. Wakamtukana mpaka wakachoka. Akajitwika mkeka wa shangazi, wakarudi naye.

Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho, akampokonya kalamu, akaikabidhi kwa Lameck, na Angetile mwenyewe akamtuma uwanjani. Angetile alikanyaga mpunga uliosalimika, bega kwa bega na Marita. Kutoka dirishani ilisikika sauti ya Lameck akisoma barua, na kila neno lilimchoma.

"Kanyaga na huku," shangazi alimwambia. "Umeacha punje."