Kibla Kiko Nyuma ya Kichwa

Fundi cherehani alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na mzigo, uji umepoa mezani. Muuguzi wa zamu, ambaye wodi nzima ilimwita Dada Mkubwa, akaligusa bakuli.

"Baba, maumivu?"

"Hamna, mwanangu. Namshukuru Mungu."

Jirani yake wa kitanda cha pili, mzee wa kwaya aliyebandikwa jina la Besi kwa mngurumo wa sauti yake, uzalendo ukamshinda. "Anakuficha huyo! Ana haya kama bibi harusi. Kibla kiko nyuma ya kichwa chake. Kila akiswali anaona amekipa kisogo, na roho inamuuma."

Dada Mkubwa, mtu wa kanisani, alitaka kusema kwamba Mungu anaelewa. Fundi akamwahi.

"Najua mgonjwa ana ruhusa. Nimeshajiambia. Moyo ndio haujasikia."

Basi Dada Mkubwa akamwita mfagiaji, wakakigeuza kitanda taratibu, mzigo na kamba zake, magurudumu yakilia kama bata. Miguu ikaelekea ukutani, upande wa kibla. Fundi akaswali, akashusha pumzi, akaomba uji upashwe moto.

Kumbe wametibu huku wakaumiza kule. Alasiri Dada Mkubwa alimkuta Besi kanuna, shuka hadi puani.

"Na wewe umepatwa na nini, baba?"

"Tangu nilazwe naongea na uso wa huyu bwana. Leo naongea na nyayo!"

"Zinakujibu?" fundi akauliza kutoka upande wa pili.

"Zinanikodolea tu. Binti yangu, nigeuze na mimi."

"Lakini wewe husali kuelekea huko."

"Mungu wangu yuko kote. Huyu mshona suruali yuko upande mmoja tu."

Dada Mkubwa alicheka hadi akajishika kiuno. Akamwita tena mfagiaji, ambaye alinung'unika kwamba kesho watamwambia ageuze na jengo, lakini akasukuma.

Jioni, Dada Mkubwa akipita na toroli la dawa, aliwakuta wamelala uso kwa uso. Besi alikuwa akinguruma wimbo wa kanisani kuhusu kondoo aliyepotea. Fundi akafumba macho, midomo ikaanza kucheza kwa swala. Besi akaukata wimbo katikati ya ubeti. Dada Mkubwa naye akasimamisha toroli, magurudumu yasije yakalia.

Fundi alipomaliza, alifumbua jicho moja.

"Mbona umenyamaza? Malizia, bwana. Mchungaji alikuwa bado hajampata kondoo wake."